Askari Katika Maabara Isiyo na Siri

Mji wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, si mgeni masikioni mwa askari. Ndio mji ulioipa jina lake ile Mikataba ya mwaka 1949 inayotuamuru kuwatendea kwa utu mateka, majeruhi na raia wakati wa vita, nasi tumeisikia mikataba hiyo tangu siku za ukuruta. Ni mafunzo ya sheria hizo yaliyonipeleka mjini humo, pamoja na maofisa wa majeshi mengine. Siku ya Jumapili darasa lilipofungwa, wenzangu walishika njia ya ziwani kutazama mashua. Mimi nilipanda tramu namba 18, ambayo hutoka katikati ya mji ikaelekea magharibi hadi mwisho wa reli, hatua chache tu kutoka mpaka wa Ufaransa. Hapo ndipo ilipo CERN, maabara kubwa kuliko zote duniani inayochunguza vitu vidogo kuliko vyote.

Lango wazi

Katika kazi yetu lango ni kitu chenye uzito. Lango lina mlinzi, mlinzi ana daftari, na daftari lina maswali: wewe ni nani, umetumwa na nani, unataka nini. Nilikuwa nimekwisha kuandaa majibu yangu na kushika pasipoti mkononi. Lakini katika jumba la kupokelea wageni sikuulizwa nimetumwa na nani, wala sikudaiwa hata senti moja ya kiingilio. Mbele yangu walisimama wanafunzi wa shule, mzee mmoja na mkewe wakiwa na fimbo zao za kutembelea, na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Wote waliingia, nami nikaingia.

Jumba hilo lilifunguliwa Oktoba 2023. Aliyelichora ni Renzo Piano, mjenzi mashuhuri wa Italia, naye ameliwekea mabomba makubwa mawili yaliyoinuliwa juu ya ardhi, mtu akapita ndani yake kama apitaye katika handaki. Humo ndani mgeni haambiwi "usiguse". Anazungusha magurudumu, anajaribu sumaku, na kuona kwa macho yake mambo ambayo shuleni tuliyakariri kwa kuogopa kiboko.

Nilisimama kwa muda mrefu mbele ya chombo kimoja cha kioo chenye mvuke wa alkoholi uliopozwa sana. Ukitazama kwa utulivu unaona michirizi myembamba kama nyuzi nyeupe, ikitokea na kutoweka. Kila mchirizi ni njia ya chembe iliyopita humo, na baadhi ya chembe hizo huzaliwa juu angani kwa kugongwa kwa hewa na miali itokayo mbali katika ulimwengu. Karibu chembe moja ya namna hiyo hupita katika kiganja cha mkono wa mtu kila sekunde, mchana na usiku, akiwa lindoni au kitandani, naye hana habari. Nimefanya doria usiku mwingi nikidhani kwamba naona kila kinachopita!

Asili yake

Ili kufahamu kwa nini lango lile li wazi, hatuna budi kurudi nyuma hadi kwenye vita. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Ulaya ilikuwa magofu. Wanasayansi wake wengi walikuwa wamekimbilia Marekani, na elimu ya kiini cha atomu ilikuwa imetoa bomu. Sisi wa Afrika tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa mbali nasi. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi ile ya mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa mikono ya Waafrika ambao hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa ajili ya nini. Siri hiyo ilianzia katika ardhi yetu.

Ndipo baadhi ya wanasayansi na wanasiasa wa Ulaya walipopendekeza maabara moja ya pamoja. Mwaka 1950, katika mkutano wa UNESCO mjini Florence, Isidor Rabi, mwanafizikia wa Marekani ambaye wakati wa vita alifanya utafiti wa rada, alitoa hoja ya kusaidia mpango wa namna hiyo, na hoja yake ikakubaliwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1953, na shirika likapata uhai wake wa kisheria tarehe 29 Septemba 1954. Nchi za kwanza zilikuwa 12: Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ugiriki, Italia, Uholanzi, Norway, Sweden, Uswisi, Uingereza na Yugoslavia. Msomaji aliye askari azitazame nchi hizo vizuri. Miaka tisa tu kabla ya hapo, baadhi yao walikuwa wakilengana kwa mizinga, na sasa watoto wao walikuwa wakipima ardhi pamoja ili wajenge nyumba moja.

Mkataba huo una kifungu kinachomgusa askari moja kwa moja. Unatamka kwamba shirika halitajihusisha na kazi za mahitaji ya kijeshi, na kwamba matokeo ya utafiti wake yatachapishwa au kuwekwa wazi kwa watu wote. Mama mmoja mtafiti, aliyekuwa akituongoza siku hiyo, alipotueleza kifungu hicho, nilihisi kama mtu aliyeketi katika karamu bila kualikwa. Nilivaa kiraia, lakini nywele zangu na kusimama kwangu vilinisema. Nikaona ni heri niseme mwenyewe. Nikamwambia kwamba mimi ni ofisa wa jeshi, na kwamba kazi yangu ni uhusiano na wananchi.

Alicheka kwa upole, akajibu, "Umekaribishwa kama wengine wote. Kilichokatazwa hapa ni kazi ya vita, si mtu anayevaa sare."

Pete chini ya ardhi

Mtambo wa kwanza wa maabara ile, uliojengwa kwa ajili ya kuziongezea kasi chembe za atomu, ulianza kazi mwaka 1957 na kupumzishwa mwaka 1990. Sasa umewekwa uonwe na wageni, dude zito la chuma lijazalo ukumbi. Lakini huyo ni babu tu. Mjukuu wake amelala chini ya ardhi, kwa wastani wa mita 100, katika handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27, ambalo huvuka mpaka wa Uswisi na Ufaransa bila kuonyesha hati yoyote. Mtambo huo unajulikana ulimwenguni kwa herufi tatu, LHC.

Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni hii. Huchukuliwa protoni, ambazo ni chembe zilizomo katika kiini cha kila atomu, zikapangwa katika vikosi. Mtambo waweza kupokea vikosi zaidi ya 2,800 kila upande, na kila kikosi kina protoni zipatazo bilioni mia moja. Misafara miwili hutumwa kuzunguka pete, mmoja ukielekea kulia na wa pili kushoto, kwa kasi ipungukayo kidogo sana na ile ya nuru, hata kila protoni huzunguka kilomita zote 27 zaidi ya mara 11,000 katika sekunde moja. Penye vituo vinne misafara hukutanishwa uso kwa uso. Katika mgongano huo nguvu hugeuka kuwa chembe mpya, na mitambo mikubwa ya upelelezi huandika vinavyoruka. Mmoja wa wapelelezi hao, ATLAS, una urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000.

Protoni kwa asili yake hutaka kwenda moja kwa moja, wala haitii kona. Zinazoilazimisha kupinda ni sumaku, na zile kubwa za kupindia ni 1,232, kila moja ikiwa na urefu wa mita 15 na uzito wa tani 35 hivi. Ili nyaya zake zipitishe umeme mwingi bila ukinzani, hupozwa kwa heli, gesi ile ile ijazwayo katika maputo, lakini hapa imekuwa kimiminika chenye baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri. Baridi hiyo inashinda ile ya anga tupu lililo mbali na nyota zote.

Nguvu iliyomo katika msafara mmoja ulioshiba yalingana na ile ya gari la moshi lenye tani 400 likienda kilomita 150 kwa saa. Kwa hiyo mitambo ya ulinzi haikomi kutazama. Kasoro ikionekana, msafara wote hutolewa katika pete na kutupwa katika gogo la kaboni ngumu lililofungiwa ndani ya chuma na saruji, na kazi hiyo humalizika kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kupita. Hakuna kamanda awezaye kutoa amri kwa wepesi huo. Amri imekwisha kutolewa tangu zamani, na mtambo unatii.

Ajabu ni kwamba jitu lenye nguvu namna hiyo laweza kusimamishwa na kitu kidogo. Mwaka 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche alipanda juu ya transfoma, akasababisha hitilafu ya umeme, na mtambo wote ukanyamaza kwa siku kadhaa. Na hapo awali, katika handaki lile lile, mtambo uliotangulia ulisumbuliwa na mwezi. Mvuto wa mwezi, ule unaoleta bamvua katika bahari yetu, huinua pia miamba ya ardhi, na ile pete ikatanuka kwa milimita moja hivi. Wenye vipimo vyao waliona.

Kiungo kimoja

Sasa nifike mahali ambapo ziara yangu iliacha kuwa matembezi.

Mtambo wa LHC ulizungusha protoni zake za kwanza tarehe 10 Septemba 2008, na ulimwengu ukashangilia. Siku tisa baadaye, tarehe 19, kiungo kimoja cha nyaya kati ya sumaku mbili kilishindwa. Palitokea cheche kubwa ya umeme iliyotoboa chombo cha heli. Heli ilifumka kwa nguvu iliyozing'oa sumaku zenye tani nyingi katika misingi yake, na tani zipatazo sita zilipotea. Kwa bahati njema hakuna mtu aliyeumia. Sumaku 53 zililazimika kutolewa shimoni ili zitengenezwe au zibadilishwe, na protoni hazikuzunguka tena mpaka Novemba 2009.

Mama yule alitueleza habari hiyo bila kupunguza sauti. Alisema kwamba kabla mwaka haujaisha maabara ilikuwa imekwisha kuchapisha ripoti, ikieleza ni wapi palipoharibika na kwa sababu gani, na mtu yeyote aliweza kuisoma. Nikamwuliza swali ambalo askari yeyote angeuliza: aliyekiunga kiungo kile alipewa adhabu gani?

Alinitazama kidogo kabla ya kujibu. "Kapteni, viungo vya namna ile vilikuwa zaidi ya elfu kumi. Tulilokuwa na haja ya kulijua kwanza halikuwa ni nani. Lilikuwa ni wapi tena."

Ni kweli walipopima walikuta viungo vingine visivyo timamu. Ndiyo sababu mtambo uliporudi kazini ulitumiwa kwa nusu hivi ya nguvu iliyokusudiwa, mpaka ulipozimwa tena mwaka 2013 na viungo vyote, zaidi ya elfu kumi, vikakaguliwa na kuimarishwa kimoja kimoja.

Maneno ya mama yule, "wapi tena", yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na msomaji anastahili kujua sababu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa luteni kijana aliyetoka chuo cha maofisa na kujiona amekwisha kujua yote, niliongoza platuni katika mazoezi ya usiku. Wiki moja kabla ya hapo askari mmoja aliniletea taarifa kwamba betri yake ni mbovu, nami nikamfedhehesha mbele ya gwaride, nikimwuliza kwa nini vifaa vya wenzake haviharibiki. Askari wote walicheka. Koplo wetu wa redio hakucheka. Alikuwa na kiungo kilicholegea katika waya wa antena, na baada ya kuona yaliyompata mwenzake akaona ni salama zaidi kukifunga kwa utepe na kunyamaza. Usiku ule mvua ilinyesha, redio ikafa, na askari mmoja akateleza katika korongo akavunjika paja. Tulimkalisha chini ya turubali mpaka alfajiri, kwa kuwa hatukuwa na sauti ya kuitia gari la wagonjwa. Nilimsikia usiku kucha.

Aliyeadhibiwa ni koplo. Aliyeandika ripoti ni mimi, kwa kuwa nilikuwa na sifa ya kuandika vizuri, nami niliandika kwamba mawasiliano yalikatika "kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na uzembe wa mhudumu". Lilikuwa jambo la kweli nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa mimi.

Siri na kosa

Msomaji asinielewe vibaya. Jeshi na polisi haviwezi kuendeshwa kama maabara. Askari anayetangaza njia ya doria anawauza wenzake, na mpelelezi anayetaja majina ya mashahidi anawaua. Siri ya kazi ni ngao, nami kila siku ninailinda kwa kalamu yangu.

Lakini siri ni kumficha adui kile unachokijua. Kumficha kamanda wako, fundi wako, au jirani yako wa handakini kile kilichoharibika si siri. Ni kiungo kibovu kilichofungwa kwa utepe. Kikitajwa mapema ni kazi ya fundi. Kikinyamaziwa huwa kazi ya daktari.

Nako kule shimoni wana nidhamu ambayo askari wetu wataitambua mara moja. Mtu anayeruhusiwa kushuka katika handaki wakati mtambo umesimama kidogo kwa matengenezo hutambuliwa kwa mboni ya jicho lake, kisha huchukua ufunguo wake mmoja. Maadamu ufunguo hata mmoja haujarudi mahali pake, mtambo hauwezi kupokea protoni, hata mkuu wa maabara akiwa na haraka ya namna gani. Kila mtunza ghala la silaha anaifahamu kanuni hiyo: hesabu haijatimia mpaka kitu cha mwisho kirudi. Tofauti ni kwamba kwao ufunguo unamlinda yule mdogo aliye chini dhidi ya haraka ya mkubwa aliye juu.

Matunda yake

Wananchi huuliza, na wana haki ya kuuliza, faida ya gharama hizo zote ni nini. Kwa upande wa elimu, tarehe 4 Julai 2012 maabara ilitangaza kupatikana kwa chembe iliyotabiriwa mwaka 1964 na Peter Higgs wa Uingereza, na vilevile na François Englert pamoja na mwenzake Robert Brout wa Ubelgiji. Chembe hiyo ni ushahidi wa uga unaozipa uzito chembe nyingine za msingi. Higgs na Englert walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013. Brout alikuwa amekwisha kufariki. Walingoja karibu miaka 50, na wakati huo wote hakuna aliyewapa jibu la uongo ili kuwafurahisha.

Kwa upande wa maisha ya kila siku, ni huko ambako mwaka 1989 Tim Berners-Lee alibuni ule mtandao wa kurasa ambao leo kila kijana anaufungua katika simu yake, na mwaka 1993 maabara ikautoa kwa ulimwengu bila malipo. Elimu ya kuongoza misafara ya chembe imeingia pia hospitalini, ambako protoni hutumiwa kuunguza saratani.

Nasi hatuko nje ya habari hiyo. Kinshasa ilipata tanuri la atomu la utafiti mwaka 1959, la kwanza katika Afrika. Tangu mwaka 2010 kuna Shule ya Afrika ya Fizikia, ambayo hukusanya vijana wa bara letu mbele ya walimu wa maabara kubwa, na mwaka 2016 shule hiyo ilifanyika Kigali. Katika CERN wenyewe hufanya kazi watafiti zaidi ya elfu kumi kutoka mataifa zaidi ya mia moja. Askari mwenye mtoto anayependa hesabu asimwambie kwamba mlango huo ni wa wengine.

Wenzetu watakaopelekwa Geneva kwa mafunzo wajue kwamba jumba la wageni hufungwa Jumatatu, siku nyingine ni bure, na tramu ni ile ile namba 18. Wasiogope kusema wao ni akina nani.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta koplo yule. Aliyevunjika paja bado yumo kazini, bohari, na huchechemea siku za baridi. Koplo amekwisha kustaafu, analima vitunguu. Nilimkuta shambani, nikasimama mbele yake kama nilivyozoea kusimama mbele ya wakubwa, nikamweleza nilichokiandika na nilichokiacha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Afande, nilijua." Akanipa jembe, tukamaliza mstari mmoja pamoja.

Ripoti ile ya zamani imo jaladani na haiwezi kufutwa. Nimeomba kwa barua iongezwe karatasi moja, yenye jina langu.